Ligi ya Watu Wasiojiangusha

Harufu ya dawa ya kuchua ilijaa jikoni kwangu, hapa Ruiru, Jumamosi moja jioni, binti yangu akiwa amekalia stuli na mguu ameuweka mapajani mwangu. Goti lilikuwa limefura upande mmoja. Ana miaka tisa na si mtoto wa kulialia, kwa hivyo ilibidi nimuulize mara mbili.

"Ulianguka saa ngapi?"

"Mapema tu, tukianza training."

"Na ukaendelea kucheza?"

"Eeh. Kocha alisema, 'Amka! Hapa si Ulaya!' Nikaamka." Akanitazama nikimpaka. "Mum, kwani huko Ulaya watu wakianguka hawaamki?"

Niliendelea kulichua lile goti mpaka akavuta mguu wake, maana nilikuwa namuumiza bila kujua. Maneno hayo nayajua. Kocha hakuyatunga. Niliyatunga mimi, nikiwa na umri wa binti yangu, nikamrushia Kocha mwenyewe mbele ya umati wa watu, na mpaka siku ile jikoni hakuwa anajua ni mimi.

Kocha ni Anko Barasa, mdogo wake baba yangu. Siku hizi ni keateka wa ploti moja kule Mwiki, anafagia ngazi na kufungulia wapangaji maji, na Jumamosi anafundisha watoto mpira kwenye kiwanja cha udongo kilichobaki katikati ya maghorofa. Anachechemea. Watoto wanadhani amezaliwa hivyo.

Nilipokuwa mdogo tuliishi Thika, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Baba alitoka Bungoma akaja kufanya kazi ya mashine, na baadaye akamwita mdogo wake, si kwa sababu ya mashine bali kwa sababu ya mguu wake wa kushoto. Kiwanda kilikuwa na timu, na timu ilicheza ligi kuu. Wewe uliyekua miaka ile unakumbuka mambo yalivyokuwa. Mtu akijua mpira, alitafutiwa kazi ya mikono kiwandani, na hakuna mahali kwenye kadi yake palipoandikwa mchezaji. Anko alikuwa mtu wa stoo. Alibeba marobota ya pamba tangu asubuhi, king'ora kikilia saa nane anatoka langoni na nyuzi zimemjaa nywelani, na saa tisa yuko uwanjani amevaa jezi namba kumi na moja. Nilidhani kila mchezaji duniani hufanya hivyo. Nikiwatazama Wazungu kwenye runinga nilijiuliza wao walikuwa wamebeba nini asubuhi.

Runinga yenyewe ilikuwa kwenye banda la mabati nyuma ya soko, lenye dishi juu na mabenchi ndani. Mwenye banda hakutaka wasichana. Ila Njoro, kijana wa mlango wa pili kutoka kwetu, alimwambia, "Huyu ni wa Barasa," na kuanzia siku hiyo niliachwa nikae chini sakafuni, mbele kabisa, shingo ikiuma kwa kutazama juu. Njoro alikuwa na miaka kumi na minne, sauti yake ikipasuka kila akichangamka, na alikuwa na daftari. Ndani ya daftari alikuwa amepiga mistari kwa rula na kuziweka ligi zote tulizoziona, kila moja na ukurasa wake, akizipa alama juu ya kumi kama mwalimu. Uingereza ilipata tisa za mbio. Italia ilipata kumi za ulinzi, Uhispania kumi za chenga, Ujerumani tisa za nidhamu. Kenya ilipata mbili za karibu kila kitu, na hizo mbili zilikuwa za huruma.

"Lakini Anko si anacheza ligi kuu?" nilimuuliza.

"Ligi kuu ya hapa. Wee, si umeona nyasi zao? Hapa kwetu ng'ombe anaweza simamisha mechi."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemwona huyo ng'ombe.

Mimi pia nilikuwa na hesabu yangu ambayo sikumwambia mtu. Nilikuwa nimegundua kwamba Ulaya goli likifungwa hufungwa tena, mara ya pili polepole, mara ya tatu kutoka upande mwingine, na kipa hajifunzi kitu. Niliamini hapo ndipo ugumu wa ligi zao ulipo, kwamba lazima ufunge mara tatu ndipo likubalike. Kwetu Anko alifunga mara moja tu, mbio mbio, na kama ulikuwa umeinama unatema makapi ya muwa, limekupita. Nilimwonea huruma sana. Nilijua akienda huko atapata shida na ile ya polepole.

Safu ya mwisho kwenye daftari la Njoro iliitwa kujiangusha. Hapo alama zilipangwa kinyume, anayejiangusha sana anapata chache. Mchezaji wa Ulaya akiguswa bega, anaanguka ameshika uso, anabingirika mara nne, kisha mtu anakuja na kopo la kupuliza, anampulizia, na anaamka kana kwamba hakuna lililotokea. Wanaume bandani walicheka mpaka mabenchi yakalia. "Huyo mwende mumweke kwa filamu!" Njoro hakucheka. Alifungua daftari akaandika. Italia sifuri. Uhispania moja. Uingereza tano, halafu msimu ukiendelea akaifuta akaandika tatu. Na kwenye ukurasa wa Kenya, safu ileile, aliandika kumi, akaizungushia duara.

"Hapa kwetu," aliniambia, "ukiona mtu ameanguka, ameangushwa. Na akiweza kuamka anaamka. Hiyo hawatuwezi."

Sijui kama unaweza kuelewa kumi ile ilivyokuwa kwangu. Shuleni nilikuwa mtoto wa watu waliotoka mbali, nikiongea walinicheka. Baba alikuwa mtu wa kunyamaza. Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kutajia watu ni Anko, na Anko alikuwa anacheza kwenye ligi ya mbili za huruma. Kumi ile ilikuwa yake. Nililala nikiifikiria, na niliilinda kama ng'ombe wa urithi.

Msimu huo alikuja mgeni. Alikuwa Mkenya aliyeishi Uswidi, mrefu, wa koti zito ambalo hakulivua hata kwenye jua la Thika. Alikuwa amemwona Anko akicheza mara mbili. Alikunywa chai yetu, akasema atarudi kumtazama mara ya mwisho kwenye mechi ya timu kutoka Nairobi, na akiridhika atampeleka majaribio, daraja la pili. Mama alimwongezea chai bila kuulizwa. Mgeni alipoondoka Anko alitoka nje akakaa kwenye ngazi, akamwita Njoro na daftari lake. Alikuwa anataka kujua, na hakuwa anafanya mzaha.

"Uswidi daraja la pili," Njoro alisema, akipekua. "Sina peji yake. Kwa TV haiko."

"Lakini ukilinganisha. Daraja la pili lao na la kwanza letu. Ni gani iko juu?"

"Yao. Ni Ulaya, bana."

Anko alitikisa kichwa. "Kuna jamaa tulicheza na yeye Webuye alienda huko. Ati wanafanya mazoezi asubuhi, wanakula, halafu wanalala. Mchana! Ni lazima. Kocha anapita kwa rumu kuangalia kama umelala kweli." Akacheka, kisha kicheko kikaisha. "Njoro, mimi sijawahi cheza mechi kama nimelala. Hata moja. Siku nitacheza bila kubeba robota, ndiyo utajua niko ligi gani. Hao watu hawatushindi mpira. Wamepumzika tu."

Leo naona hayo ndiyo maneno ya busara zaidi niliyowahi kusikia kuhusu tofauti ya ligi na ligi, na nimekaa na watu wanaobishana juu ya jambo hilo kila wikendi. Siku ile sikusikia busara. Nilisikia kwamba watu wa Ulaya wanalala chini hata mchana, wakiwa nyumbani, kwa amri ya kocha. Kumbe ni kitu wanachofundishwa! Na Anko alikuwa anakitamani, nilikiona usoni mwake. Nikaogopa kwamba ameanza kuwa kama wao.

Siku ya mechi uwanja ulijaa mpaka kwenye ua wa kiwanda. Kina mama walikuja na githeri kwenye ndoo, wanaume walikuja na miwa, kila mtu akivunja na kutafuna. Mgeni alipewa kiti cha plastiki karibu na mstari wa kati. Mimi na Njoro tulikuwa upande wa pili, jua likiwa nyuma yetu, mbele kabisa kwenye kamba. Anko alikuwa ametoka shifti saa nane kama kawaida. Aliomba aachwe siku hiyo moja, na msimamizi akamwambia lori la pamba halijui kama kuna mechi.

Kipindi cha kwanza alicheza vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Cha pili kilipoanza tu, alichukua mpira mbele yetu, karibu kiasi kwamba nilisikia anavyohema, akampita beki mmoja, na wa pili akaja na mguu. Vumbi likapanda. Nilisikia mlio mkavu, si mkubwa, nikadhani ni mtu nyuma yangu amevunja muwa kwa goti. Sijala muwa tangu siku hiyo.

Anko alishika mguu, akauachilia, kisha akalala chali na kuweka mkono juu ya macho. Hakupiga kelele. Refa alikuwa mbali. Alilala tu pale, vilevile walivyolala wale wa kwenye runinga, na Njoro akaguna, akatoa kalamu sikioni.

"Hata Barasa?" akasema.

Nilijawa na aibu ambayo sijaisikia tena maishani. Niliona ile kumi ikifutwa. Nikaingia chini ya kamba mpaka mabega yakatokea upande wa pili, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote. Sikuita Anko, kwa sababu sikutaka watu wajue ni wetu.

"Wee namba kumi na moja! Amka! Hapa si Ulaya!"

Watu waliangua kicheko. Mwanaume mmoja aliyarudia, kisha watatu, kisha upande wetu wote ukawa unaimba, amka, amka, hapa si Ulaya, huku wakipiga makofi. Anko alitoa mkono machoni. Alitazama kwetu, lakini jua lilikuwa linampiga usoni, akakunja macho na sidhani aliona zaidi ya vivuli. Akajiviringisha upande. Akapiga goti moja. Akaamka.

Kelele iliyopigwa pale ilisikika mpaka sokoni. Alicheza mpaka filimbi ya mwisho, akiuvuta ule mguu, na krosi iliyozaa goli ilitoka kwake. Mgeni alisimama akapiga makofi. Njoro alirudisha kalamu sikioni, akanigawia nusu ya muwa wake, akasema, "Umetuokolea alama." Nilikwenda nyumbani nikiruka. Naomba usinisamehe haraka. Nilikuwa na furaha siku ile, na ndiyo inayonisumbua kuliko kitu kingine chochote.

Asubuhi goti la Anko lilikuwa limefura mpaka suruali haikupita. Mama alimchua, mimi nikishika kifuniko cha kopo. Dawa haikusaidia, na ilipofika wiki ya pili walimpeleka hospitalini Nairobi, nami nikaenda kwa sababu hakukuwa na wa kuniangalia. Nilikuwa nimesimama mlangoni daktari alipomwambia.

"Ulipoumia, ulitolewa nje?"

"Hapana. Niliendelea."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mwisho."

Daktari aliiweka picha mezani. "Kama ungebaki chini ubebwe, hii ingekuwa hadithi ya miezi michache. Ulichofanya ni kulisaga goti."

Mgeni wa Uswidi alikuja mara moja zaidi. Alisimama mlangoni, hakuketi, na chai ya Mama ikapoa. Kiwanda kilimrudisha Anko stoo, ambako hakuweza kubeba, halafu kikamwacha. Miaka ikapita, timu ikavunjwa, kisha na kiwanda chenyewe kikanyamaza, na king'ora hakikulia tena. Tuliporudi kutoka hospitalini nilikuwa nimemuuliza Njoro kama tumwambie Anko. Aliangalia pembeni. "We nyamaza tu. Watu walikuwa wengi." Sikuliona tena lile daftari, na familia yao ilipohama hatukuagana.

Nimenyamaza mpaka nimekuwa mama wa mtu. Lakini ile sauti haikunyamaza. Naisikia nikiwa naosha vyombo, nikiwa kwenye foleni ya benki, sauti nyembamba ya mtoto aliye na uhakika. Mume wangu na rafiki zake wakija kutazama ligi ya Uingereza sebuleni, wakianza kubishana kama inaishinda ya Uhispania, mimi nakaa nao vizuri. Kisha mchezaji anaanguka, mmoja wao anasema, "Drama hiyo!" na mimi natoka kwenda kuangalia chungu ambacho hakiko motoni. Nasimama pale mpaka nisikie mtangazaji akisema ameamka. Wengine huwa hawaamki haraka.

Kibaya zaidi ni kwamba Anko hulisimulia jambo hilo. Kila timu ya watoto aliyofundisha imelisikia. Huwaambia kwamba siku moja alikuwa chini, amekata tamaa, na shabiki mmoja akamwambia aamke. "Sikumwona sura," husema. "Lakini alikuwa ananijua huyo. Shabiki wa kweli hawezi kukuacha chini." Husema ndiyo mechi bora ya maisha yake. Nimemsikia akilisimulia Krismasi, kwenye matanga, kwenye harusi yangu akiwa na kipaza sauti, na kila mara nimetazama sahani yangu. Ni yote aliyobaki nayo, nikajiambia, nani atamnyang'anya? Halafu nikaliona goti la binti yangu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mwiki peke yangu. Alikuwa anapanga mawe ya kuwa magoli, watoto wakikimbia ovyo.

"Nekesa! Mchezaji wangu ako wapi?"

"Leo hachezi, Anko. Goti limefura."

"Atazoea. Mwambie sisi tulikuwa tunacheza na..."

"Anko, ilikuwa mimi."

"Wewe nini?"

"Siku ile Thika. Aliyekuambia uamke. Hapa si Ulaya. Ilikuwa ni mimi, nilikuwa kwa kamba na Njoro. Nilidhani unajiangusha."

Alikuwa ameshika jiwe. Aliliweka chini taratibu, mahali ambapo halikuhitajika.

"Ulikuwa darasa la ngapi?"

"La tatu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayehesabu. "Sauti ilikuwa ndogo," akasema. "Hiyo nilisikia. Nikasema ni mama fulani wa kiwanda." Alipangusa mikono kwenye suruali, akaipangusa tena. "Unajua huwa namwombea? Yule shabiki. Nikiomba usiku huwa namtaja."

"Nisamehe, Anko."

Alipuliza filimbi, watoto wakagawana pande mbili, mchezo ukaanza. Haikuchukua muda. Msichana mmoja mdogo wa upande wa kulia aligongana na mwenzake akaanguka chini vibaya. Wengine wote walisimama wakamgeukia Kocha. Anko alifungua mdomo. Niliona kifua chake kikipanda. Kisha akaufunga.

Yule mtoto akainua kichwa kutoka kwenye udongo, akatutazama sisi wawili, hajui afanye nini.

"Kocha?" akaita. "Niamke?"

"Kaa hapo," Anko akasema. "Kaa tu hapo hapo." Akaanza kumwendea, polepole, na ule mguu wake. Sikumfuata. Nilibaki nje ya mstari, mahali pa mashabiki.